Kutoka Bender Hadi Betty Boop: Njia ya Kale ya Mikataba ya Sauti

Tarehe 9 Februari 2022, kampuni ya Hulu ya Marekani ilitangaza kuwa Futurama, katuni ya televisheni iliyokuwa imekatishwa mara mbili, inarudi na vipindi 20 vipya. Tangazo liliwataja waigizaji wa sauti waliokubali kurudi kazini: Billy West, Katey Sagal, Tress MacNeille, Maurice LaMarche, Lauren Tom, Phil LaMarr na David Herman. Mashabiki waliolisoma waliona pengo papo hapo. John DiMaggio, mwenye sauti ya roboti Bender tangu mwaka 1999, hakuwemo. Hakuwa ametia saini.

Kwa asiyeifahamu, Futurama ni kazi ya Matt Groening, yule yule aliyeibuni The Simpsons, akishirikiana na David X. Cohen. Kijana mpeleka pitsa aitwaye Fry anagandishwa kwa bahati mbaya usiku wa tarehe 31 Desemba 1999, na anapozinduka imepita miaka 1,000. Katika New York hiyo mpya rafiki yake mkubwa ni Bender, roboti aliyeundwa kukunja vyuma, mlevi, mwizi, mwenye kujisifu bila haya. Kwa tabia zake angepaswa kuchukiwa, lakini watazamaji humpenda kuliko wote. Sababu kubwa ni sauti. DiMaggio amesimulia mara nyingi alivyoiunda: alichukua mkoromo wa mlevi wa baa, akauchanganya na sauti ya tangazo la soseji kavu na kichekesho cha rafiki yake wa chuoni. Tena alikuwa ameitoa kwanza katika usaili wa mhusika mwingine, Profesa Farnsworth. Mchoraji alichora bati na macho mawili ya duara, mwandishi akaandika maneno, lakini ule ukwaruzo na ile raha ya uovu vilitoka kooni mwa mtu mmoja.

Magazeti ya burudani yaliripoti kwamba DiMaggio aliona malipo aliyopewa hayalingani na mafanikio ya katuni hiyo, na kwamba kampuni ilikuwa tayari kumtafuta mwingine endapo hangekubali. Mwenyewe alitoa taarifa kwa mashabiki. Alisema jambo hilo halimhusu Bender peke yake, linahusu heshima, na kwamba amechoshwa na tasnia inayozidi kunyonya muda na vipaji vya wasanii. Mashabiki walimuunga mkono wiki tatu nzima. Tarehe 1 Machi ikatangazwa kwamba amekubali kurudi. Baadaye aliwaambia mashabiki kuwa hakuongezewa fedha. Alichopata, alisema, ni heshima, na shukrani za wenzake waliomwona akisimama.

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niufuate ugomvi huu kinyumenyume, kituo baada ya kituo, kupitia habari za magazeti, kumbukumbu za kesi na masimulizi ya wahusika wenyewe, mpaka miaka ya 1930. Karibu katika kila kituo nimekuta jambo lile lile. Kampuni imepata njia mpya ya kuirudisha sauti ya zamani kwa watu, iwe santuri, televisheni, kanda ya video, DVD au intaneti, na mwenye sauti anauliza kama njia hiyo ilikuwemo katika mkataba alioutia saini. Naamini madai ya waigizaji hawa yamesimama hapo, na wale wanaoyaita tamaa hawajaifuata njia hii hadi mwisho.

Kituo cha kwanza hakiko mbali. Fox iliirusha Futurama kuanzia tarehe 28 Machi 1999, ikaiacha Agosti 2003. Haikufa, kwa sababu marudio ya usiku katika Adult Swim yaliipatia watazamaji wapya na DVD zake zikanunuliwa kwa wingi, hata zikatengenezwa filamu nne za kuuzwa moja kwa moja kwenye DVD kati ya 2007 na 2009. Watu walikuwa wakinunua kazi iliyokwisha kufanyika, sauti zilizokwisha kurekodiwa. Ndipo Juni 2009 kituo cha Comedy Central kikaagiza vipindi 26 vipya.

Mwezi uliofuata habari zikavuja kwamba 20th Century Fox Television, kampuni inayoitengeneza Futurama, imetangaza usaili wa kuwatafuta watu wapya wa kuwasemea wahusika wakuu. Kampuni ilisema inawapenda waigizaji wake ila haiwezi kufikia kiwango wanachodai, na magazeti yakakitaja kiwango hicho kuwa karibu dola 75,000 kwa kipindi. Comedy Central ni kituo cha kebo, mfuko wake ni mdogo kuliko wa Fox. Hilo ni kweli na linastahili kusemwa. Lakini hebu fikiria walichotaka kukifanya. Billy West peke yake anamsemea Fry, Profesa Farnsworth, daktari Zoidberg na kapteni Zapp Brannigan. Kuna maonyesho ambamo watu watatu wanabishana na wote ni yeye. Kumwondoa kungehitaji kutafuta watu wanne, au mtu mmoja mwenye kipaji kisichopatikana kwa tangazo.

Mwishoni mwa mwezi huo huo mashabiki walikusanyika San Diego katika tamasha la Comic-Con, na waigizaji hawakuwepo jukwaani. Tarehe 31 Julai makubaliano yakatangazwa. Vipindi vipya vilianza kurushwa Juni 2010, sauti zile zile, hadi katuni ilipokatishwa tena Septemba 2013.

Wengi waliona usaili ule ulikuwa mbinu ya mazungumzo tu. Huenda. Ila mbinu hiyo ilikuwa na historia katika nyumba hiyo hiyo. Mwaka 1998 waigizaji sita wakuu wa The Simpsons walikuwa wakilipwa dola 30,000 kwa kipindi, katika katuni iliyokuwa imeiletea Fox mali isiyo na mfano. Walipodai zaidi, kampuni ilitishia kuwabadilisha na ikaanza maandalizi ya kutafuta sauti mpya. Matokeo yake walipandishwa hadi dola 125,000. Mwaka 2004 waliacha kuhudhuria usomaji wa miswada kwa wiki kadhaa, na malipo yakafika karibu 250,000. Mwaka 2008 yakawa 400,000. Mwaka 2011 upepo ukageuka: Fox ikadai punguzo la asilimia 45 na ikatishia kuifunga katuni, wakaafikiana karibu dola 300,000. Msomaji atasema hizo ni fedha nyingi, na kweli ni nyingi. Hawa ni watu wachache kabisa walio kileleni. Wengi katika kazi hii hulipwa kima cha chini cha chama cha waigizaji kwa kikao kisichozidi saa nne, na hata saa hizo nne zilipiganiwa: kiangazi cha 1987 waigizaji wa sauti waligoma, wakipinga kushikwa studio siku nzima ya saa nane wakitoa sauti tatu kwa ujira mmoja.

Miongoni mwa wale sita wa The Simpsons yumo Dan Castellaneta, sauti ya Homer. Yeye anatupeleka kituo kingine, kwa kuwa kabla ya kutishiwa kubadilishwa alikuwa amewahi kuwa yeye ndiye mbadala.

Robin Williams alipokubali kumsemea Jini katika filamu ya Disney ya Aladdin, iliyotoka 1992, alipokea dola 75,000 tu, kima cha chini kwa mtu ambaye kwa filamu moja angeweza kulipwa mamilioni. Alifanya hivyo kwa masharti. Sauti yake isitumike kuuza bidhaa, na Jini asitawale mabango ya matangazo. Filamu ikawa kubwa, na Williams akalalamika hadharani kwamba sharti limevunjwa. Disney ilipotaka mwendelezo na mfululizo wa televisheni, alikataa, na Castellaneta akachukua nafasi hiyo kuanzia The Return of Jafar mwaka 1994. Uongozi wa studio ulipobadilika, mkuu mpya Joe Roth aliomba radhi hadharani. Williams akarudi katika filamu ya tatu mwaka 1996. Hapa fedha hazikuwa kiini kabisa. Kiini kilikuwa mtu kutaka kuamua sauti yake isemee nini.

Casey Kasem alidai haki hiyo hiyo kwa njia iliyonyooka zaidi. Tangu 1969 alikuwa sauti ya Shaggy, kijana mwoga na mlafi wa katuni ya Scooby-Doo. Kasem hakula nyama. Mwaka 1995 alipotakiwa amsemee Shaggy katika tangazo la mkahawa wa hambaga alikataa, na akajitoa. Wengine wakaingia, mmojawao akiwa Billy West wa Futurama katika filamu ya 1998. Mwaka 2002 Scooby-Doo ilipofufuliwa kwa mfululizo mpya wa televisheni, Kasem alirudi kwa sharti kwamba Shaggy naye asile nyama. Walikubali. Mhusika aliyechorwa akala mboga miaka ile kwa sababu mwenye sauti yake alikuwa hali nyama, na mimi naona huo ni ushindi mkubwa kuliko ongezeko lolote la dola, maana kampuni ilikiri kwa vitendo kwamba Shaggy ana nusu ambayo haimo katika michoro.

Lazima niseme kitu kuhusu wanaoingia badala ya wengine, kwa sababu wao nao hudhulumiwa kwa maneno. West alimchukua Ren wa Ren & Stimpy baada ya John Kricfalusi, mbunifu wa katuni hiyo na sauti ya kwanza ya Ren, kufukuzwa mwaka 1992. Zapp Brannigan alikuwa ameandikiwa mwigizaji Phil Hartman, aliyeuawa Mei 1998 kabla ya kazi kuanza, na West aliifanya sehemu hiyo akiiheshimu namna ya marehemu. Fry mwenyewe alipewa jina la Philip kwa kumbukumbu yake. Kuchukua nafasi ya mtu aliyekufa au aliyeondoka ni sehemu ya ufundi huu. Ubaya uko pale nafasi inapotangazwa ili kumtisha aliye hai.

Turudi nyuma zaidi, kwenye kituo ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Mwaka 1952 mwimbaji Peggy Lee aliingia mkataba na Walt Disney kwa ajili ya filamu ya Lady and the Tramp, iliyotoka 1955. Alishiriki kutunga nyimbo zake, akaimba, na akawasemea wahusika wanne, wakiwemo paka wawili wa Siam. Katika mkataba wake kulikuwa na kifungu kilichoizuia kampuni kutoa nakala za kazi hiyo za kuuzwa kwa umma bila idhini yake. Aliyekiandika alikuwa akifikiria santuri. Mwaka 1952 nani angewaza kwamba siku moja mtu atanunua filamu nzima, aiweke kwenye kabati la sebuleni?

Mwaka 1987 Disney iliiuza filamu hiyo kwa kanda za video, na kanda hizo zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka uliofuata Peggy Lee, akiwa mgonjwa na anatumia kiti cha magurudumu, alifungua kesi. Kampuni ilijitetea kwamba ilikuwa na haki ya kuitumia filamu yake kwa njia zote. Mwaka 1991 jopo la raia waamuzi huko Los Angeles lilimpa dola milioni 3.8, jaji akazipunguza hadi milioni 2.3, na rufaa ya kampuni haikufua dafu.

Ushindi huo una upande mchungu, na ili kuuona inabidi tupite mwaka 1960. Mwaka huo chama cha waigizaji wa filamu, rais wake akiwa Ronald Reagan, kiligoma kudai malipo ya marudio: filamu ikirushwa kwenye televisheni, mwigizaji apate chake. Waliyapata, lakini kwa filamu za kuanzia 1960. Kwa zile zilizotangulia, kampuni ziliingiza fedha mara moja katika mfuko wa pensheni na afya, basi. Waliofanya kazi kabla ya hapo walibaki nje ya mlango. Kwa hiyo Peggy Lee hakushinda kwa sababu sheria iliwalinda waigizaji wa zama zake. Alishinda kwa kifungu kimoja ndani ya karatasi yake mwenyewe. Wenzake wasiokuwa na kifungu kama hicho waliisikia sauti yao ikitoka katika televisheni za majirani na hawakupata hata senti.

Sasa tuingie katika studio za miaka ya vita, kwa Mel Blanc, mwenye sauti ya Bugs Bunny, Daffy Duck na kundi zima la Warner. Sauti ya nguruwe Porky aliirithi kutoka kwa mtu mwingine. Sauti ya kwanza ya Porky ilikuwa ya Joe Dougherty, aliyekuwa na kigugumizi cha kweli. Kwa vile hakuweza kukitawala, kurekodi kulichukua muda na kula filamu, akaondolewa mwaka 1937. Blanc aliigiza kigugumizi kwa kipimo. Mtu alipoteza kazi kwa ulemavu ule ule uliokuwa umempa kazi hiyo, na jina lake halikuwekwa kwenye skrini.

Kwa masimulizi ya Blanc mwenyewe, alimwendea mtayarishaji Leon Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaomba basi jina lake lionyeshwe mwanzoni mwa katuni. Hilo halikumgharimu Schlesinger kitu. Kufikia mwaka 1944 lilikuwa limeandikwa katika mkataba, kwanza kwa katuni za Bugs Bunny, na mwaka 1945 likapanuliwa hadi za Porky na Daffy. Jina lile likamletea kazi tele za redio na umaarufu usiowahi kumfikia mtu wa sauti. Lakini kwa miaka mingi lilisimama peke yake. Arthur Q. Bryan, aliyemsemea Elmer Fudd, mwindaji anayefukuzana na Bugs katika katuni zile zile, alikufa mwaka 1959 watazamaji wengi wakiamini sauti hiyo nayo ni ya Blanc. Ninapomsikia DiMaggio akisema alipata heshima bila fedha, namkumbuka Blanc, aliyefanya biashara hiyo hiyo miaka karibu 80 kabla yake, na namkumbuka pia Bryan, aliyekosa vyote viwili.

Tarehe 24 Januari 1961 Blanc alipata ajali mbaya ya gari kwenye Sunset Boulevard, Los Angeles, katika kona ambayo wenyeji waliiita ya mauti. Alizimia wiki mbili. Familia yake ilisimulia kwamba daktari, baada ya kushindwa kumwamsha kwa jina lake, alimwita Bugs Bunny, na mgonjwa akajibu kwa sauti ya Bugs. Wakati huo alikuwa pia Barney Rubble katika The Flintstones. Daws Butler alimshikia nafasi kwa vipindi vichache, kisha watayarishaji wakapeleka vifaa vya kurekodia nyumbani kwa Blanc, wakaning'iniza maikrofoni juu ya kitanda alikolala amefungwa plasta mwili mzima, na wenzake wakaja kusoma wakiwa wamemzunguka. Kampuni hizi zikitaka, zinajua thamani ya sauti moja.

Umbali mfupi kutoka Sunset iko Hyperion Avenue. Ilipokuwa studio ya Disney ya miaka ya 1930, leo pana supamaketi. Hapo ndipo ilipotengenezwa Snow White and the Seven Dwarfs, filamu iliyooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937. Sauti ya Snow White ni ya Adriana Caselotti, binti wa mwalimu wa uimbaji. Alilipwa dola 20 kwa siku, jumla dola 970. Jina lake halimo katika filamu. Mwanzoni mwa 1938 nyimbo za filamu hiyo zilitolewa kwenye santuri, zikauzwa, na yeye pamoja na Harry Stockwell, sauti ya mwana wa mfalme, wakafungua kesi kudai sehemu ya mapato. Walishindwa. Hawakuwa na kifungu cha santuri. Miaka 14 baadaye Peggy Lee alikuwa nacho. Sijui kama wanasheria wake walikuwa na kesi ya Caselotti mezani. Ila kati ya karatasi hizo mbili napaona mahali ambapo fundisho liliandikwa kwa hasara ya mtu mwingine. Disney ilimtunuku Caselotti mwaka 1994, miaka mitatu kabla hajafariki.

Njia yangu inaishia New York, mahakamani, mwaka 1934. Mwimbaji Helen Kane alikuwa amewashtaki Max Fleischer na Paramount, akidai dola 250,000. Alisema katuni yao Betty Boop imemwibia sura na sauti, hasa ule mtindo wake wa kuimba kitoto na kutia visauti vidogo katikati ya maneno. Wanawake waliomsemea Betty, akiwemo Mae Questel, waliitwa kutoa ushahidi. Upande wa utetezi ukaleta shahidi mwingine, meneja wa burudani aliyesema kwamba mtindo huo alikuwa nao kabla ya Kane mtoto mweusi wa Chicago, Esther Jones, aliyejulikana jukwaani kama Baby Esther, na kwamba Kane alikuwa amemwona akiimba katika klabu ya usiku ya New York mwaka 1928. Filamu fupi ya majaribio ya mtoto huyo ikaoneshwa mahakamani. Jaji Edward McGoldrick akaitupa kesi ya Kane.

Esther Jones mwenyewe hakuwa mahakamani. Sauti yake iliitwa kama ushahidi, ikaiokolea studio robo milioni ya dola, na hakulipwa kitu. Kati ya wote niliowataja, huyu ndiye asiyekuwa na mkataba wa aina yoyote, na hakuna aliyeona kwamba angepaswa kuwa nao. Nimerudia kuisoma habari ya kesi hiyo nikitafuta mtu mmoja aliyeuliza, ikiwa mtindo ni wa mtoto yule, kwa nini basi asipewe yeye haki hiyo? Katika habari nilizozipata, swali hilo halimo.

Swali hilo limerudi sasa kwa nguvu mpya, kwa sababu mtambo wa leo hauhitaji tena kurudia kile kilichorekodiwa. Akili mnemba inaweza kuchukua sauti ya mtu na kuitamkisha maneno ambayo hakuyasema. Vipindi vipya vya Futurama vilianza tarehe 24 Julai 2023, siku 10 baada ya waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA kuanza mgomo uliodumu siku 118, ambao moja ya hoja zake kuu ilikuwa nakala za kidijiti za sura na sauti. Katuni za televisheni zina mkataba wake wa peke yake, na Machi 2024 wanachama waliuidhinisha ukiwa na vifungu vya kuwalinda dhidi ya akili mnemba. Waigizaji wa michezo ya video waligoma tangu Julai 2024 hadi mwaka uliofuata kwa sababu hiyo hiyo.

James Earl Jones, ambaye watoto wa Afrika Mashariki wanamjua kama Mufasa, aliyapitia yote haya katika maisha yake. Mwaka 1977 alimpa sauti mhusika mwovu wa filamu za anga za juu, Darth Vader, kwa dola 7,000 na jina lake halikuonyeshwa, kwa hiari yake. Mwaka 2019 The Lion King ilipotengenezwa upya, wahusika wengine wote wa mwaka 1994 walipata sauti nyingine, ila ya Mufasa ilibaki yake. Na katika uzee aliridhia sauti yake ya Vader iundwe kwa kompyuta kutokana na rekodi za zamani. Aliridhia. Neno hilo ndilo linalotenganisha kisa chake na cha Esther Jones. Alifariki Septemba 2024.

Na Bender? Novemba 2023 Hulu iliagiza misimu miwili zaidi, na katika vipindi vilivyorushwa mwaka 2025 sauti ya roboti bado ni ya DiMaggio.

Kazi hii sasa iko kwetu pia. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou ikiwa na sauti za Kiswahili. Azam TV imewazoesha watazamaji kumsikia Sultani wa Kituruki akiongea Kiswahili. Ubongo Kids, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi tangu 2014. Nyuma ya kila mhusika kuna kijana wetu aliyesimama mbele ya maikrofoni. Ikiwa ni wewe, kabla hujatia saini tafuta katika karatasi hiyo mahali panaposema sauti yako itatumika wapi, kwa muda gani, na kama inaweza kutumiwa kuizalisha nyingine kwa kompyuta. Usipopaona, omba paandikwe. Peggy Lee alikuwa na kifungu chake mwaka 1952, kabla mtambo uliokuja kumhusu haujabuniwa. Dai chako leo.